Kiti cha Resiato

Oldonyo Sambu,
11 Februari 2024

Mdogo wangu Sabina,

Marahaba. Naitikia kabla hujaamkia, maana najua utaanza na shikamoo na barua zinachelewa. Sisi wazima. Mguu wa wifi yako Kandida umepona, sasa anapanda kanisani bila fimbo na amerudi kwaya. Kijiji kizima kinajua amerudi kwa sababu mazoezi anafanyia uani kwetu. Ng'ombe mweupe amezaa dume. Maharage yaliozea shambani kwa zile mvua za Desemba, lakini mahindi yanatia moyo.

Utaniuliza kwa nini naandika barua wakati simu iko mfukoni. Sababu unaijua. Mwaka jana niliongea na wewe kidogo tu kuhusu kaka yetu Saning'o, kesho yake sauti yangu inazunguka kwenye grupu la ukoo, na watu wa Kikwe nisiowajua wananipigia kucheka. Sisemi ulirekodi wewe. Nasema kwenye ile simu tulikuwa watu wawili, na mmoja nilikuwa mimi.

Sasa neno lenyewe. Wiki iliyopita Saning'o alipanda shamba la juu na mtu mmoja mwenye viatu vya kuuma macho. Wanamwita mwekezaji. Anataka kujenga hoteli ya mahema, wazungu walale wakiutazama mlima. Wamezunguka shamba lote, wamepima kwa macho, wameinama wakanywa maji ya chemchemi. Kaburi la yeyo, mama yetu, wakalipita kama wamepita kichuguu. Niliwaona mwenyewe nikiwa nyuma ya ua. Sikuwasalimia.

Unakumbuka maneno ya baba. Shamba la juu haliuzwi mpaka nyumba zote mbili zikae. Nyumba ya yeyo wetu watu wawili, nyumba ya mama mdogo watu wawili, hata kama wao wamezaliwa watano na sisi wawili. Baba mdogo Lemburis akae katikati, na kura zikilingana, yeye aseme. Kikao ni Jumamosi ya kwanza ya Agosti, nyumbani kwake. Kwao wanakaa Saning'o na dada yake Resiato. Kwetu ni mimi na wewe, na asiyekuwepo hana kura.

Basi uje. Usiponitosa, tutakuwa wawili kwa wawili na hawatatuweza. Barua tumia sanduku la mzee Paramjit wa duka la vipuri mjini, lakini gundi bahasha vizuri. Saning'o naye anachukulia barua zake hapo hapo, na Paramjit akiwa na wateja hatazami nani kachukua nini.

Ni mimi kaka yako, macho wazi,
Frederick


Canberra,
9 Machi 2024

Kaka Frederick,

Shikamoo, ingawa umeshaitikia. Huku joto linapungua. Oscar anawasalimu, shemeji yenu amepata zamu za mchana kwa hiyo siku hizi tunakula pamoja. Mwambie Kandida nimefurahi kuhusu mguu, na majirani wawe na subira.

Sikurekodi. Ulikuwa umeweka spika ya simu ukiwa dukani, kaka, ukipiga kelele kama unaita mbuzi. Nusu ya Oldonyo Sambu ilikuwa inakusikiliza.

Kuhusu shamba, nimesoma barua yako nikacheka kidogo, kisha nikaacha kucheka. Kumbe baba alikuwa ametengeneza bunge. Nikueleze. Nchi hii ni shirikisho, majimbo sita yaliyoungana, na kila jimbo lina serikali yake na bunge lake: shule, hospitali, polisi, hayo ni ya jimbo. Bunge la taifa, hapa ninapofanya kazi, linashughulika na yale waliyokubaliana kuyaweka pamoja, kama jeshi, sarafu na mambo ya nchi za nje. Na bunge hili lina nyumba mbili. Moja wanaiita Baraza la Wawakilishi (si lile la Zanzibar), na humo jimbo lenye watu wengi lina wabunge wengi. Ya pili ni Seneti. Humo kila jimbo lina maseneta kumi na wawili, liwe kubwa au dogo. Kuna jimbo moja ni kisiwa, watu wake hawafiki hata nusu ya watu wa jiji moja la huku, lakini kwenye Seneti linakaa sawa na wakubwa. Muswada hauwi sheria mpaka nyumba zote mbili zikubali.

Kwa hiyo Saning'o akisema wao ni watano, mjibu kwamba kuna nchi nzima inaendeshwa hivyo.

Mimi niko upande wa Wawakilishi, ule wa mazulia ya kijani. Najaza maji, napeleka vikaratasi, na kura ikiitwa nasimama mlangoni. Kengele zinalia jengo zima, wabunge wanakimbia na suti zao kama watoto waliochelewa namba shuleni. Zikinyamaza, Spika anaamuru milango ifungwe, na sisi tunafunga. Baada ya hapo hata waziri akija, anabaki nje. Wanaokubali wanakaa kuumeni kwa Spika, wanaokataa kushotoni, wanahesabiwa kichwa kwa kichwa. Spika hapigi kura, ila zikilingana. Na mazoea ya Maspika wengi ni kwamba zikilingana, hawabadilishi kitu. Wanaacha jambo libaki lilivyokuwa, kwa sababu waliotaka kubadilisha hawakupata wengi.

Hilo la mwisho nadhani baba mdogo analijua bila kufundishwa na mtu.

Agosti nitajitahidi.

Mdogo wako anayewakumbuka,
Sabina


Oldonyo Sambu,
21 Aprili 2024

Sabina,

Marahaba. Mvua ya mwaka huu si mchezo, korongo limekata barabara, nilishuka mjini kwa kuzunguka. Kandida anakohoa lakini haachi kuimba. Yule ndama dume nimemwita Spika, kwa sababu amesimama tu katikati ya zizi anatazama wengine.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Ya bunge nimeyapenda, hata mkutano wa wazee wa kanisa niliwaeleza habari za kisiwa. Lakini mwisho umeandika neno moja: nitajitahidi. Sabina, mtu anayekuja anasema nakuja. Mtu asiyekuja anasema siji. Nitajitahidi ni neno la mtu ambaye ameshaamua na hataki nijue.

Na bahasha yako ilikuwa na gundi ya aina mbili. Nilimwonyesha Paramjit, akanicheka, akanipa chai ya tangawizi. Chai nilikunywa. Gundi sijaisahau.

Sasa nikuambie ninayoyaona huku. Saning'o ana buti mpya. Vigingi vyekundu vimechomekwa kwenye shamba kabla hata ya kikao. Baba mdogo Lemburis kapelekewa blanketi, zito, la kutoka dukani, likiwa kwenye nailoni yake. Nililikuta limewekwa juu ya kabati. Nikamuuliza limetoka wapi, akasema, "Limetoka kwa mgeni." Hakusema mgeni gani, na mimi sikuuliza, maana jibu nililiona. Unaniambia Spika akiona kura zimelingana anaacha mambo yalivyo. Huko kwenu labda. Huku Spika ana blanketi. Na masikio ya baba mdogo unayajua, huwa anasikia "ndiyo" hata pale watu wanapokohoa.

Ila kuna jambo jema. Jumamosi nilimkuta Resiato kwenye kaburi la yeyo, anapalilia, peke yake, kajifunga khanga kiunoni. Mtoto wa mama mdogo, Sabina, anapalilia kaburi la yeyo wetu! Aliponiona akashtuka, akasema alikuwa anapita tu. Mtu hapiti tu na jembe. Nimeelewa moyo wake uko wapi. Huyu ni wetu, ila anamwogopa kaka yake.

Na kuna lingine si jema. Watu wamemwona huyo huyo Resiato amepanda kilimani kwenye mnara, anaongea na simu muda mrefu, na wamesikia jina lako. Mnaongea nini? Mimi ndugu yako wa tumbo moja unaniandikia habari za mazulia, yeye unampigia.

Nijibu mambo mawili tu. Unakuja au huji? Na Resiato mnaongea nini?

Anayesubiri jibu, si maelezo,
Frederick


Canberra,
26 Mei 2024

Kaka,

Shikamoo. Samahani kwa mwandiko, naandika nikiwa nimeegemea. Sisi hatujambo. Baridi imeanza, asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kama kule juu msituni mwezi wa saba. Mpe Kandida pole ya kifua, achemshe majani ya mkaratusi ajifukize.

Siji, kaka. Umetaka jibu, hilo ndilo. Sababu ipo na siyo unayoifikiria. Naomba usiniulize sasa. Nikiweza kuisema nitaisema, na wewe utakuwa wa kwanza.

Najua unasoma hapo ukitikisa kichwa. Tikisa, kisha uendelee kusoma.

Kuna desturi moja bungeni sijakueleza. Haimo kwenye katiba, wala haiandikwi kwamba ni lazima. Mbunge wa upande mmoja akiugua, au akifiwa, au akiwa amejifungua, hawezi kuja kupiga kura, na upande wake unapungukiwa bila kosa lake. Basi wanadhimu, wale wanaochunga kura za kila chama, wanakaa na kukubaliana: na sisi tutamtoa mmoja. Mtu wa upande wa pili, mzima wa afya, anakaa nje kengele zikilia. Anataka muswada upite kama wenzake wanavyotaka, lakini haingii. Wanaitana jozi. Hesabu inabaki ilivyokuwa kana kwamba wote wawili wapo, na hakuna anayeshinda kwa sababu mwenzake yuko kitandani.

Nimewahi kumwona mmoja, mama mtu mzima, amekaa kwenye benchi la korido anakula tufaha, kengele zinalia juu ya kichwa chake. Mgeni mmoja akamwambia, "Mheshimiwa, utafungiwa nje." Akasema anajua. Nilifunga mlango naye anatazama. Wenzake wakashindwa kwa kukosa kura yake, na kesho yake walikunywa naye chai.

Neno la jozi halina ushahidi wowote isipokuwa mdomo wa aliyelitoa. Ndiyo maana likivunjwa, linaumiza kuliko kura yenyewe.

Sasa nisikilize vizuri. Wewe mwenyewe umesema barua zinafunguliwa, kwa hiyo sitataja majina. Siku ya kikao, ukiona kiti cha mtu ni kitupu, kiache kitupu. Usiulize, usitume mtu, usiende wewe. Na usihesabu kura kwa kumtazama nani anapalilia kaburi. Mtu anaweza kupalilia kaburi kwa kuwa ameombwa na asiyeweza kufika.

Kuhusu baba mdogo, mimi namwamini. Najua wewe humwamini mtu, lakini mwamini huyo mara moja, na mimi mara moja. Sikuombi zaidi.

Akupendaye hata ukinuna,
Sabina


Oldonyo Sambu,
7 Julai 2024

Sabina,

Sisi wazima. Kandida anakusalimu, mimi nimemwambia nitakuandikia salamu zake tu.

Mwandiko ule si wako. Herufi zako zinasimama, zile zimelala zote upande mmoja. Ama umeandika kwa haraka mtu anakusimamia, ama kaandika mwingine. Sijui lipi ni baya zaidi.

Nimewaza sana juu ya hiyo jozi yako. Nimeigeuza huku na huku. Mwanzo unaniambia siji. Halafu unaniambia kuna mtu atakaa nje na nisimwite. Halafu unaniambia nisimtegemee anayepalilia kaburi. Sasa mimi nahesabu hivi: kwetu nabaki mmoja. Wa pekee wa nyumba ile ambaye angesimama na mimi ni Resiato. Na huyo huyo ndiye unayeongea naye kilimani, na kiti chake ndicho unachotaka kiwe kitupu. Yaani nibaki na Saning'o ana kwa ana, na katikati yetu mzee mwenye blanketi.

Niambie nimekosea wapi. Sitaki desturi za kijani. Niambie kwa Kiswahili cha hapa: umekubaliana nini na watu hao? Wamekuahidi nini?

Nimewahi kukubeba mgongoni kuvuka korongo lile lile. Sikukuuliza uzito.

Frederick


Oldonyo Sambu,
5 Agosti 2024

Sabina,

Hujajibu, na mimi sikushangaa.

Kikao kimekwisha. Tulikaa Jumamosi nyumbani kwa baba mdogo, akaomba, akafunga mlango. Tuliongea mpaka mchana. Mimi nilisema yote niliyotaka kusema, kuhusu chemchemi, kuhusu yeyo, kuhusu kaya zote zinazochota pale asubuhi. Saning'o akasema shamba lisilolimwa ni pori tu. Kisha baba mdogo akasema wanaotaka liuzwe wanyooshe mkono.

Wawili kwa mmoja. Limeuzwa.

Resiato wako alinyoosha mkono bila kunitazama. Yule yule wa jembe. Kwa hiyo furahini. Sijui mlichopatana kiliishaje, maana hata yeye alikuwa analia, na mtu aliyeshinda halii.

Mwekezaji amesema kaburi hataligusa, ataliwekea uzio mzuri. Kumtembelea yeyo tutapita getini.

Baba mdogo alifungua mlango, akaenda zizini, akakaa huko.

Kandida anasema niandike kwamba tunakuombea. Nimeandika.

Frederick


Canberra,
1 Septemba 2024

Kaka Frederick,

Shikamoo. Barua zako mbili, ya Julai na ya Agosti, nimezisoma siku moja, moja baada ya nyingine. Zilikuwa nyumbani na mimi nilikuwa hospitali tangu katikati ya Julai. Oscar alikuwa anakuja kila siku bila kufungua sanduku. Usimlaumu.

Nimejifungua tarehe kumi na nne Agosti, mtoto wa kike, kabla ya wakati wake. Alikuwa mdogo sana, walimweka kwenye kile kisanduku cha joto, nikawa nampapasa kwa kupitisha mkono kwenye tundu. Jana tumerudi naye nyumbani. Anaitwa Nanyori, jina la yeyo.

Ulisema utakuwa wa kwanza kuambiwa, au mimi ndiye niliyesema. Hukuwa wa kwanza. Wa kwanza alikuwa Resiato, na nitakueleza kwa nini, na litakuuma, lakini leo sina nguvu ya kukufunika maneno.

Huyu ni wa tatu. Wa kwanza niliwaambia wote, mkafurahi, shangazi wakaanza kuchagua kondoo wa uzazi. Alipoharibika ulinipigia. Ulisema, "Kazi ya kusimama mlangoni kutwa ndiyo imemla mtoto." Hukusema kwa ubaya, ulisema kama mtu anayesema mvua imekatika. Wa pili sikumwambia mtu hata alipopotea. Kwa huyu, daktari aliniambia nilale, nisipande ndege, nisisimame, nisibebe hata ndoo. Nikaogopa kukuambia. Nilimpigia Resiato kwa sababu ni mkunga, anawaona wenye shida kama yangu kila wiki pale zahanati, na kwa sababu hakuwahi kuniambia neno kama lile.

Nilimwomba mambo mawili. Apalilie kaburi la yeyo, kwa kuwa nilikuwa nimelala na siku nzima nawaza kaburi lina magugu. Na awe jozi yangu. Nilimweleza kama nilivyokueleza wewe. Akaniambia, "Sabina, mimi nataka liuzwe, nisikudanganye. Lakini mgonjwa hashindwi akiwa kitandani. Nitakaa nje." Akaniomba jambo moja tu, Saning'o asijue. Ndiyo maana sikulitaja jina lake kwenye barua inayopita dukani. Wewe ndiye uliyenifundisha kuogopa bahasha.

Sasa nakuuliza mimi, kwa mara ya kwanza mwaka huu. Jumamosi ile Resiato alinipigia asubuhi. Alikuwa jikoni kwa baba mdogo, anapika loshoro, kiti chake ndani kitupu. Mlango, umeandika mwenyewe, baba mdogo aliufunga. Jioni alinipigia tena, analia, akasema, "Muulize kaka yako." Hakusema zaidi, na mimi sikumlazimisha.

Kazi yangu ni kufunga milango, kaka. Nani aliufungua huo?

Sabina


Oldonyo Sambu,
29 Septemba 2024

Mdogo wangu Sabina, mama Nanyori,

Barua yako nimeisomea dukani kwa Paramjit nikiwa nimesimama. Aliniona akanisogezea kiti, na safari hii hakucheka. Kisha nimepanda nyumbani nikamsomea Kandida mpaka pale penye jina la mtoto, nikashindwa, akamalizia yeye. Ametoka nje, na wewe unajua akifurahi anafanya nini. Nilimwacha aimbe.

Ni mimi niliyefungua.

Nitakuambia jinsi ilivyokuwa, usinisaidie. Baba mdogo alifunga mlango. Akahesabu viti, akaona kimoja kitupu, akauliza Resiato yuko wapi. Saning'o akasema yuko jikoni, amekataa kuingia, hajui amepatwa na nini, na alikuwa na hasira kweli. Ile hasira yake ingenitosha, Sabina. Mtu mwenye macho angeiona akaelewa. Mimi niliona mchezo wa kuigiza. Baba mdogo akasema, "Basi, asiyetaka kuingia asiingie. Tuendelee na waliopo." Akanitazama mimi. Sasa najua alikuwa ananitazama kwa nini.

Nikakumbuka barua yako, kiache kitupu, usiende wewe. Na kadiri nilivyoikumbuka ndivyo nilivyozidi kuona kwamba hapo ndipo wizi ulipo. Nikasimama. Nikasema kikao hiki si halali mpaka wote waliopo nyumbani wakae. Nikafungua komeo mwenyewe.

Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anakoroga. Nikamwambia, "Dada, ingia, usiogope mtu." Akasema, "Kaka Frederick, niache hapa." Nikamwambia najua Sabina amekupigia. Akashtuka, nami nikaona nimemkamata. Akasema, "Nimetoa neno langu. Nakuomba, rudi ndani." Nikamwambia neno la siri si neno, na kama yeye ni mtoto wa baba yetu ataingia aseme mbele ya watu kilicho moyoni mwake. Hayo ndiyo maneno yangu. Saning'o alikuwa ameshatoka nje, akayadaka, akasema hata kaka Frederick anakuita, unataka nini tena? Resiato akafuta mikono kwenye khanga akaingia. Akasema kilicho moyoni mwake. Nilikuwa nimemwagiza mwenyewe.

Jana nilikwenda kwa baba mdogo. Blanketi bado liko juu ya kabati, kwenye nailoni yake, vumbi limeshika juu. Nikamuuliza kama kura zingelingana angesema nini. Alinijibu bila kuinua macho. "Ningesema mambo yabaki yalivyo. Kaka yangu aliniachia neno hilo, na sikuwa na lingine." Akaniuliza kama nataka blanketi.

Kwa Resiato nimekwenda pia, nikaenda na jembe, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kushika mkononi. Nilimwomba radhi. Alinisikiliza, akaniambia radhi yangu ameipokea, lakini yeye ndiye aliyeingia mlangoni kwa miguu yake, na kwa hilo anakuomba radhi wewe. Saning'o hamsemeshi tangu alipojua alikuwa jozi yako. Ameshavunja neno kwa mmoja na amekosana na mwingine, na yote mawili nimemfanyia mimi. Anauliza mtoto ananyonya vizuri?

Uzio umeanza. Nguzo zimefika kwenye mkondo wa chemchemi. Wanawake wa chini wanachota sasa kwa zamu, wameambiwa mpaka Desemba. Getini wameweka kijana mwenye daftari. Nilikwenda kumwona yeyo nikaambiwa niandike jina na sababu ya kuingia. Nikaandika jina. Penye sababu nikasimama, kijana akasema, "Mzee, andika tu matembezi." Nikaandika matembezi.

Lile neno nililokuambia alipoharibika wa kwanza, silikumbuki. Nimejaribu sana na silikumbuki, na hilo ndilo linalonitisha, kwamba mtu anaweza kusema kitu kama hicho kisha akaenda kukamua ng'ombe. Uliogopa kuniambia una mtoto. Mimi niliyeogopa kila mtu, kumbe aliyestahili kuogopwa hapa nyumbani ni mimi.

Jumapili ijayo baada ya ibada nitapanda kilimani kwenye mnara, pale anaposimama Resiato, na yeye atanionyesha jinsi ya kuondoa spika. Nitakupigia. Mshike mtoto karibu, hata kama amelala. Sina la maana la kumwambia, nataka tu asikie kwamba ana mjomba.

Ukitaka kuirekodi, irekodi. Irushe kwenye grupu.

Kaka yako,
Frederick